Ziwa lilipofungwa tulitukanana: barua ya wazi kutoka mwalo wa Katonga

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia ukusanyaji wa maoni ya wananchi mkoani Kigoma, na wataalamu wa TEHAMA mnaoijenga mifumo hiyo,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine poleni na kazi.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Katonga. Nanunua dagaa vipe, yaani boti za uvuvi, vinapofika alfajiri, naanika, nauza kwa debe na kwa gunia. Pamoja na hayo ni admini wa kundi la WhatsApp la mwalo wetu, yaani ufukwe wa kushushia samaki, kazi ambayo sikuiomba. Nilipewa kwa sababu simu yangu ilikuwa haiishi chaji. Ni huo uadmini uliosababisha niandike barua hii, maana umenionyesha jambo ambalo miaka yote ya kuuza dagaa haikunionyesha: kwamba watu walewale wanaweza kubishana kwa heshima mahali pamoja na kuraruana mahali pengine, na tofauti ikawa ni mahali penyewe palivyotengenezwa.

Mnakumbuka mwaka 2024. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne tunaolitumia: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Miezi mitatu bila uvuvi. Kwa mtu wa Dodoma hiyo ni habari ya redioni. Kwa Katonga ni swali la watoto watakula nini.

Kwenye kundi mjadala ulianza saa mbili usiku. Mwenye vipe viwili aliandika kwamba ni sawa, dagaa wamepungua, ziwa lipumzike. Baharia mmoja akamjibu kwa ujumbe wa sauti: wewe una vyumba vya kupangisha, ungekuwa unategemea mgao wa usiku mmoja ungesema hivyo? Kuanzia hapo dagaa hawakutajwa tena. Kufika usiku wa manane tulikuwa tumeshajua nani anadaiwa na nani, nani anashukiwa kuhusu injini iliyopotea, na mke wa nani alionekana wapi. Kisha likatoka lile neno ambalo kwa mtu wa Kigoma linakata kuliko kisu: "Kwanza wewe ni wa ng'ambo."

Aliyeambiwa alitoka kundini na hajarudi. Ni mzee aliyevua tangu enzi za karabai za mafuta ya taa, na nilijua alikuwa na jambo la kusema kuhusu miezi iliyochaguliwa, kwa sababu alishaniambia ufukweni. Halikuingia popote. Asubuhi nilifuta kilichofutika, nikawaomba watu msamaha kwa niaba ya watu wengine, nikaenda kuanika.

Sasa, mtu asiseme kwamba watu wa huku hatujui kubishana. Nendeni Ujiji jioni kwenye vijiwe vya kahawa. Wazee wa Kimanyema na vijana wa boda wanabishana kuhusu mpira, siasa na dini mpaka kashata zinaisha, na wanaagana wakicheka. Yule baharia wa sauti ya saa mbili usiku ni mtu wa kijiwe hicho hicho, na pale ni mpole kama maji ya mtungi. Kijiweni unauona uso wa mwenzako. Utani unasikika kuwa ni utani. Mzee akikohoa watu wanashusha sauti. Na hakuna anayeweza kuyachukua maneno yako kwa skrinshoti akayapeleka kwa shemeji yako, au mahali pabaya zaidi. (Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa mwaloni wengi hawajaisoma, lakini wote wameisikia, na kila mtu ana toleo lake la kile inachokataza. Matokeo yake wenye busara wananyamaza, wanaobaki wakiongea ni wasio na cha kupoteza.)

Kinachotokea kwenye simu si ajali. Kuna watu walikaa wakaamua. Mwaka 2017 Facebook waliamua kwamba kile kiuso cha hasira, sawa na viuso vingine, kihesabiwe mara tano ya kidole cha kupenda, na mashine ikawa inakisukuma mbele kila kilichokasirisha watu. Baadaye wenyewe waliona madhara, wakapunguza uzito kidogo kidogo, na mwaka 2020 wakaufanya uso wa hasira kuwa sifuri. Namba moja tu ndani ya mtambo, na dunia nzima ikabadilika hasira yake. WhatsApp haipangi ujumbe kwa hasira, lakini ina mpangilio wake: aliyeandika mwisho ndiye anayeonekana, kwa hiyo anayeshinda ni mwenye bando na asiyelala. Aliyesema jambo la maana saa kumi na moja jioni, ikifika saa tatu amezikwa chini ya picha za kuchekesha na tangazo la msiba.

Nawaambia haya kwa sababu na ninyi mnaamua namba kama hizo, hata kama hamjui kwamba mnaamua.

Kuna ofisi moja, siitaji, ilituletea linki ya fomu. Maswali yalikuwa mengi mpaka vidole vikauma, mengine yenye kinyota chekundu, maana yake usipojibu husongi mbele. Jina kamili. Namba ya simu. Namba ya NIDA. Na fomu ilikuwa wazi kwa siku nne.

Siku nne zenyewe zilikuwa za giza. Huenda hili halijawahi kuingia kwenye mkutano wenu wowote, kwa hiyo nalieleza. Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, kwa hiyo vipe vinakaa ufukweni siku kadhaa, wanaume wanashona nyavu, wanalala nyumbani, wanagombana na wake zao. Ndiyo mbalamwezi. Giza likirudi wanaondoka jioni, wanarudi alfajiri, na mchana wamelala. Ukifungua maoni siku nne za giza, utapata maoni ya watu wa nchi kavu kuhusu ziwa. Walimu, wenye maduka, na mimi. Yatahesabiwa, yatachorwa mviringo wenye rangi, na ripoti itasema wavuvi wameshirikishwa.

Na hiyo namba ya NIDA. Mkoa huu umepakana na Burundi kwa nchi kavu na Kongo kwa maji. Kila ukoo una shangazi upande wa pili. Watu hapa wameulizwa uraia wao mara nyingi kuliko walivyoulizwa maoni yao. Mtu anayesubiri kitambulisho, au anayeogopa kwamba akikigusa kitu cha serikali faili lake litafunguliwa upya, hawezi kukuambia anachofikiri kuhusu nyavu ukianza na swali hilo. Nataka pia kuwa mkweli: mnataka namba kwa sababu mnaogopa mtu mmoja kujaza mara hamsini, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini laini zetu zote zilishasajiliwa kwa alama za vidole. Laini moja, alama moja. Namba ibaki ndani ya mtambo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na anayesoma maoni, awe diwani au mtendaji, asiione kabisa.

Mpwa wangu anayesoma Dodoma ndiye aliyenisimulia habari za Taiwan, nikiwa nalalamika jikoni. Mwaka 2015 kule walikuwa na ugomvi mkubwa kuhusu Uber: madereva wa teksi upande mmoja, abiria na madereva wapya upande mwingine. Watu waliokuwa wakiendesha mradi unaoitwa vTaiwan walitumia programu iitwayo Polis, iliyotengenezwa Seattle. Nilimwuliza, ina nini cha ajabu? Akaniambia: haina kitufe cha kujibu.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mtu anaandika sentensi moja fupi yenye jambo moja. Wengine wanaiona na wana mambo matatu tu ya kufanya: nakubali, sikubali, napita. Ukikasirika huna mahali pa kumtukania mwenye sentensi. Unachoweza ni kuandika sentensi yako, nayo ipite kwenye mikono ya wote. Mtambo hautafuti sentensi yenye kelele nyingi. Unaangalia nani wanakubali na kukataa mambo yaleyale, unawaweka pamoja kama mafungu ya dagaa sokoni, kisha unawaonyesha wote: hili ni fungu hili, lile ni fungu lile, na hizi hapa ni sentensi ambazo mafungu yote yamezikubali. Kule Taiwan kilichopanda juu ni mambo ambayo pande zote zingeweza kuishi nayo, kama bima ya abiria na madereva kusajiliwa, na serikali ilipotunga kanuni iliyachukua.

Basi nikachukua kaunta buku la kikundi chetu cha mikopo, ambalo lilikuwa na kurasa nyeupe nyuma, nikajaribu.

Kila ukurasa sentensi moja juu, na mistari mitatu chini. Masharti yalikuwa kwamba sentensi iwe fupi, iwe na jambo moja, na isiwe na jina la mtu. Watu niliwapa namba, majina sikuandika. Nilizunguka nalo mwezi mzima, giza na mbalamwezi, kuanzia kwa mabaharia mpaka kwa kina mama wa vichanja na wachoma samaki wa migebuka, pamoja na wenye vipe na yule muuza chapati ambaye anajua habari za wote. Wasiosoma niliwasomea. Yule mzee aliyetoka kundini nilimfuata nyumbani. Alitoa sentensi mbili na akaomba nirudi kumsomea za wengine.

Siku moja kijana alinijia amefura. "Andika: fulani ni mwizi." Nikamwambia kitabu hiki hakina ukurasa wa fulani, nipe sentensi yenye jambo. Alisimama, akasonya, akaondoka. Baada ya kama nusu saa akarudi. "Andika: mapato na matumizi ya BMU yasomwe hadharani ufukweni kila mwezi." BMU ni kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo. Ukurasa huo ulijaa alama za nakubali mpaka nikaishiwa nafasi. Hasira ilikuwa ileile. Ilikuwa imekosa tu pa kupitia.

Mpwa alipokuja likizo tulikaa na kalamu za rangi, tukawapanga watu kwa alama zao. Nilikuwa na uhakika wa tutakachokuta: wenye vipe huku, mabaharia kule. Sivyo ilivyokuwa. Mafungu mawili yalikuwepo kweli, lakini mwenye kipe alikaa na mabaharia na kina mama wa dagaa, na kwenye fungu la pili kulikuwa na matajiri pamoja na baharia mwenye shamba lake la michikichi kule Mwandiga. Tulikaa tukitazama mpaka chai ikapoa. Kilichowatenganisha kilikuwa marejesho. Fungu la kwanza ni watu wenye mkopo wa kulipa kila wiki. Fungu la pili hawadaiwi.

Usiku ule kwenye kundi tulidhani tunabishana kama ziwa lifungwe. Kumbe tulikuwa tunabishana kama deni lisimame au lisisimame wakati ziwa limefungwa, na hakuna hata mmoja aliyelisema, kwa sababu nani anapenda kutangaza kwamba anadaiwa? Na mengine mafungu yote mawili yaliyakubali bila shida: makokoro, zile nyavu za kukokota, yaondoke, na nchi zote nne zifunge siku moja na kufungua siku moja, siyo mmoja amelala mwenzake anavua. Mambo hayo hayakuwahi kutajwa kundini. Mtu hapotezi bando kuandika jambo ambalo hakuna atakayelibishia.

Sisemi daftari langu ni sayansi. Sentensi za kwanza niliziandika mimi, na mimi ni mchuuzi, kwa hiyo karibu zote zilihusu bei. Mabaharia walipoanza kuongeza zao ndipo usingizi na usalama na mgao vikaingia. Hilo ni onyo kwenu pia: mkiziandika sentensi zote ofisini, mtapata picha ya ofisi. Tena kuna mambo ambayo kura haiyaamui. Kama kufunga miezi mitatu kunaongeza dagaa au la, hilo ni la watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ambao wana kituo hapahapa Kigoma. Mtambo uweke walichokikuta mbele ya watu kwa Kiswahili cha kawaida kabla hawajaulizwa, halafu uwaulize yanayowahusu: mzigo ubebwe na nani, na vipi.

Na naogopa jambo moja katika hii habari ya kutafuta tunachokubaliana. Wachoma migebuka hapa ni wachache. Sentensi yao kuhusu kuni haikupata wengi. Mtambo unaoonyesha tu yaliyopendwa na wote ungewameza. Kwa hiyo fungu dogo lionekane na udogo wake, na sentensi zake zisomwe.

Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, wana njia nyingine tangu 2010. Wazo linawekwa katikati, hoja za kuliunga mkono safu moja, za kulipinga safu nyingine, na huwezi kumjibu mtu wa upande wa pili. Unaandika hoja bora zaidi upande wako au unaipandisha iliyopo. Iceland nzima watu hawafiki laki nne, na mkoa wetu kwa Sensa ya 2022 una zaidi ya milioni 2.4, kwa hiyo sisemi tuige kila kitu. Lakini mtaniruhusu niwakumbushe kwamba hatuko mbali na mambo haya kama tunavyojidhania. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji iliingia kwenye kundi la kwanza la miji na majimbo ya majaribio ya Mpango wa Uendeshaji Serikali kwa Uwazi, pamoja na Madrid, Paris, Seoul, na jirani zetu wa Elgeyo Marakwet kule Kenya. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa kwenye mpango huo, nasi tukatoka nayo. Madrid walikuwa wameshajenga mtambo wao wa kushauriana na wakazi, Barcelona wakajenga wao, Decidim, na yote miwili, pamoja na Polis, imeachwa wazi kwa yeyote kuichukua na kuirekebisha bila kulipia leseni. Uanachama uliisha, programu bado zipo. Vijana wetu wa vyuo wanaweza kuzifundisha Kiswahili, na hata Kiha.

Ila mkizileta kama zilivyo, zitakuwa za wenye simu kubwa. Mama anayeanika na mimi ana kitochi. Serikali tayari ina njia ya *152*00# ambayo haili bando. Sentensi moja na namba tatu za kuchagua zinaingia humo bila shida. Asiyesoma apigiwe, asikilize, abonyeze. Maoni yakae wazi mwezi mzima wa ziwa, kutoka mbalamwezi hadi mbalamwezi. Matokeo yachapishwe yabandikwe mwaloni na kwenye ofisi ya mtendaji, yasomwe kwenye mkutano wa hadhara, mahali ambapo kina mama tunakaa nyuma na wenye vipe wanashika kipaza sauti. Mama mwenzangu akisikia sentensi yake ikisomwa na mwenyekiti, bila jina lake, na kwamba mafungu yote yameikubali, hatahitaji kipaza sauti.

Halafu jibuni. Hili ndilo lililowashinda hata Taiwan. Serikali yao haikuwa na wajibu wa kisheria kufuata yaliyotoka vTaiwan, na watu wakichoka kuongea na ukuta wanaacha. Sitaki ahadi kwamba mtafanya tunayosema. Nataka, kabla hamjafungua maoni, mtaje tarehe na cheo cha atakayekuja kusimama mwaloni kutuambia: hili tumelichukua, hili tumelikataa, sababu ni hii. Akikataa kwa sababu, tutabishana naye. Tunajua kubishana.

Kaunta buku ninalo. Mtaalamu yeyote akitaka kuliona aje Katonga asubuhi, kabla ya saa tatu, kabla sijaondoka kwenda sokoni Mwanga. Asije na gari lenye king'ora, watu watadhani ni doria ya nyavu na atakuta ufukwe mtupu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mchuuzi wa dagaa, Katonga, Kigoma